Binti yangu ana diploma, mimi nina miaka thelathini shambani: nani amsikilize nani?

Shikamoo Bibi Shamba,

Mimi ni mkulima wa viazi mviringo mkoani Njombe. Umri wangu ni miaka 56 na elimu yangu ni darasa la saba. Nilianza kulima viazi vyangu mwenyewe mwaka 1993 kwenye robo eka niliyopewa na marehemu baba, na leo nina eka tatu na nusu. Viazi hivyo vimenijengea nyumba ya bati na kusomesha watoto wanne. Hakuna aliyenifundisha darasani. Nikipita kwenye tuta asubuhi najua leo kuna ugonjwa wa ukungu au hakuna, hata kabla sijainama. Nikishika udongo najua kama jembe liingie au lisubiri siku mbili. Wazee walisema kuishi kwingi ni kuona mengi, na mimi hayo mengi nimeyaona kwa macho yangu.

Mtoto wangu wa tatu, binti, alimaliza diploma ya kilimo mwaka juzi. Kazi hajapata, akarudi nyumbani. Nilifurahi, maana ni mchapakazi na shambani tunakwenda wote.

Mwezi wa pili mwaka huu, kwenye kipande kilicho karibu na njia, kama robo tatu eka hivi, viazi vilianza kulala. Saa saba mchana majani yameinama, jioni yameinuka. Siku ya nne hayakuinuka tena, ila rangi ilikuwa bado ya kijani. Nikasema huu ni ukungu umekuja kwa sura nyingine. Nikapiga dawa ya ukungu mara tatu ndani ya siku kumi na mbili. Hela ya dawa na vibarua niliitoa kwenye ada ya mdogo wake.

Siku ya dawa ya tatu binti aling'oa shina moja, akapasua kiazi kwa kisu, akasema, "Baba, huu si ukungu. Ni mnyauko wa bakteria, dawa hii haitafanya kitu." Vibarua watano walikuwa wamesimama pale na mabomba mgongoni. Nikamwambia, "Kitabu chako hakijawahi kushika jembe. Ukipata shamba lako utanifundisha." Vibarua wakacheka. Yeye akakiweka kile kiazi chini taratibu, akaenda jikoni kwa mama yake. Tangu siku ile anakuja shambani, anafanya anachoambiwa, neno hasemi.

Kile kipande nilitoa magunia manne. Miaka mingine hutoa ishirini na zaidi. Na hata kule kwingine mavuno yanashuka kila mwaka, nadhani ardhi imechoka. Shemeji yangu aliye huko chini Wanging'ombe naye ananilaumu kwamba mbegu anazochukua kwangu zinanyauka mwaka wa pili sasa. Nikamjibu kwamba hajui kutunza viazi, kwa sababu mbegu hizohizo mimi nazipanda hapa juu na zinastawi.

Sasa nina magunia tisa ya mbegu kwenye kichanja. Manne jirani ameyalipia nusu. Binti amemwambia mama yake kwamba anataka kwenda Makambako kukaa kwenye duka la mitumba la rafiki yake. Mama yake hanisemi, ila ananitazama.

Naomba uniambie ukweli. Kati ya kitabu na mkono, kipi kina haki? Nikimkubalia huyu mtoto leo, miaka yangu yote hii shambani ilikuwa ya nini? Na nikimwomba radhi, nitawaongozaje tena vibarua waliosikia?

Baba wa Binti, Njombe

*

Marahaba, ndugu yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili usiku mmoja. Kabla sijagusa habari ya kitabu na mkono, nakuomba jambo moja la haraka: hayo magunia tisa yasishuke kwenye kichanja kwenda shambani, wala kwa jirani. Mrudishie jirani pesa yake, hata kama ni kidogokidogo. Mwambie una wasiwasi na mbegu. Atakuheshimu zaidi kwa hilo kuliko akizipanda na shamba lake lilale mwezi wa pili ujao.

Sijalikanyaga shamba lako, na bibi shamba hakati hukumu akiwa amekaa nyumbani kwake Iringa. Lakini uliyoyaandika kwa mkono wako yananitia hofu. Mmea kulala mchana na kuinuka jioni, kisha usiinuke kabisa, na majani bado ya kijani: hizo ni dalili za mnyauko wa bakteria. Ukungu unaujua. Unaanza na mabaka kwenye jani kama yaliyomwagiwa maji ya moto, ukigeuza jani asubuhi ya umande unaona unga mweupe kwa chini, na shamba likishika sana linanuka. Wewe mwenyewe hukuandika mabaka wala harufu. Macho yako yaliona kwamba haya ni mengine, ndiyo maana ukasema "umekuja kwa sura nyingine". Na dawa ya ukungu haiui bakteria, hata ukipiga mara kumi.

Kwa nini basi mtu anayeujua ukungu kabla hajainama alipotea kwenye mnyauko? Sioni kiburi chako peke yake hapo, ingawa kilikuwepo na nitakifikia. Naona tofauti ya namna shamba linavyokujibu.

Ukungu unakujibu upesi. Mvua na baridi vimekuja, siku chache baadaye mabaka haya hapa. Umepiga dawa kwa wakati, jani jipya linatoka safi. Umechelewa, shamba limeungua. Kila mwaka tangu 1993 umeulizwa swali lilelile na umepewa jibu waziwazi mbele ya macho, kwa hiyo mkono wako umefundishika mpaka umekuwa bingwa. Hapo sioni kitabu cha kukushinda, na binti yako akitaka kuujua ukungu namshauri atembee nyuma yako asubuhi asubuhi.

Mnyauko haujibu hivyo. Unakaa kwenye udongo bila kuonekana. Unakaa ndani ya kiazi kizima, kigumu, chenye ngozi nzuri. Unasafiri kwenye jembe, kwenye kiatu, kwenye maji yanayotiririka kutoka shamba la juu kwenda la chini. Jibu linakuja msimu unaofuata, au miaka miwili baadaye, au linakuja kwa mtu mwingine kabisa.

Hapo namfikia shemeji yako.

Yale maneno ya Wanging'ombe uliyaweka kama malalamiko ya pembeni, lakini kwangu ndiyo moyo wa barua nzima. Bakteria wa mnyauko wanapenda joto. Huku juu kwenye baridi wanaweza kukaa ndani ya kiazi bila mmea kuonyesha lolote. Unapanda, unapalilia, unavuna, unasema mbegu yangu safi, na macho yako hayakudanganyi, kwa sababu hakika hakuna shina lililolala. Kisha mbegu ileile inashuka Wanging'ombe kwenye joto, na ugonjwa uliokuwa umelala unaamka. Shemeji anapata hasara, wewe unamwambia hajui kutunza viazi. Uzoefu wako ulikuwa wa kweli na wake ulikuwa wa kweli, ila kila mmoja alikuwa ameshika upande mmoja wa jambo. Mtu aliyelima huku juu tu anaweza kulima miaka sitini asiligundue. Amelijua yule aliyepanda kiazi cha ukoo mmoja juu na chini, akahesabu mashina yaliyolala, akaandika, akarudia. Maandishi ya watu kama huyo ndiyo aliyosomea binti yako. Kwa hiyo ukisema kitabu hakijawahi kushika jembe, hapana, ndugu yangu. Kimeshika majembe mengi, kwenye mashamba ambayo wewe na mimi hatutafika.

Hivyo kila mnapobishana shambani, jiulizeni kwanza jambo hili linajibiwa baada ya muda gani, na jibu linaonekana na nani. Likijibiwa wiki hii mbele ya macho yako, neno la baba lina uzito. Likijibiwa mwaka wa tatu, au likijibiwa kwa shemeji, mpe nafasi aliyesoma.

Hata hiyo ardhi unayosema imechoka, ichunguze kwa kipimo hicho. Inawezekana imechoka kweli. Lakini nakuuliza: mbegu unaipataje? Kama unafanya kama wengi wetu, vile vikubwa vinakwenda kwenye lumbesa, na vidogo vinabaki kuwa mbegu. Shina lenye ugonjwa wa virusi huzaa viazi vidogo. Basi kila mwaka tunauza watoto wa mashina yenye afya na kupanda watoto wa wagonjwa, na mavuno yanashuka polepole kiasi kwamba hakuna mwaka mmoja unaoweza kuunyooshea kidole. Dawa yake ni ya mikono mitupu: viazi vikitoa maua, pitia mistari, mashina yenye afya kabisa yachomekee vijiti, na mbegu yako ya mwaka ujao itoke kwenye vijiti hivyo tu. Hiyo ni kazi ya jicho kama lako, lakini wazo la kuchomeka kijiti wakati wa maua halimjii mtu kwa kulima peke yake.

Usidhani ni ujinga wa mkulima wa Njombe. Ukungu huohuo unaoujua leo ulipoingia Ireland mwaka 1845, viazi vilioza kwenye matuta na watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi katika miaka iliyofuata. Walikuwa wakulima wa viazi vizazi kwa vizazi. Waliuona kwa macho, wakausikia kwa pua, na bado hata wasomi walibishana kama ule unga mweupe ndio unaoleta kuoza, au kuoza ndiko kunakoleta unga. Mjerumani Anton de Bary alikuja kulithibitisha hilo kwa majaribio mwanzoni mwa miaka ya 1860.

Sasa nikuambie upande wa pili, maana sitaki binti yako asome hapa ajione ameshinda kesi.

Dawa za ukungu zenye shaba mnazonunua kwenye maduka ya pembejeo zina historia ambayo kila mwenye diploma angepaswa kuijua. Ufaransa, karibu na mji wa Bordeaux, wakulima wa zabibu walikuwa wanaibiwa na wapita njia. Wakaanza kunyunyizia mizabibu ya kando ya barabara mrututu, yaani chumvi ya shaba, uliochanganywa na chokaa, ili majani yaonekane kama yametiwa sumu. Mwaka 1882 profesa mmoja wa mimea, Pierre Millardet, akipita barabarani akaona mizabibu ya katikati ya shamba imepukutika kwa ukungu, na ile ya kando ya barabara ina majani yake yote. Akauliza wamepaka nini. Akajaribu, na mwaka 1885 akatangaza dawa ambayo baadaye iliokoa hata viazi. Ilitoka kwenye mikono ya wakulima. Walikuwa nayo na wanaimwaga kila msimu, ila wao walikuwa wanawaza wezi. Profesa alikuwa anawaza ukungu kwa miaka, kwa hiyo alipopita aliona. Lakini angebaki kwenye kabati la vitabu vyake, asingeona chochote.

Na mimi mwenyewe. Mwaka 1983 nilipangiwa kituo changu cha kwanza, kijiji kimoja cha Mufindi. Nilikuwa na cheti, viatu vya buti na daftari. Nikaona mabonde ya vinyungu, yaani bustani za bondeni za kiangazi, yana udongo mweusi, mzito, wenye unyevu hadi kiangazi, na watu wamepanda kwenye kingo tu, katikati wameacha. Nikaandika kwamba wanapoteza ardhi nzuri. Nikazunguka nyumba kwa nyumba nikiwahimiza wapande maharage mpaka katikati ya bonde. Mama mmoja mtu mzima aliniambia, "Mwanangu, pale mwezi wa sita panaungua." Nikamjibu kwamba unyevu ule hauwezi kuunguza kitu. Kaya kumi na moja zikanitii, kwa sababu nilikuwa mtu wa serikali.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita niliamshwa. Bonde lote lilikuwa jeupe. Nikashika jani la haragwe, likavunjika vidoleni kama kaki. Jua lilipopanda, ule weupe ukayeyuka, na kufika saa nne asubuhi majani yalikuwa meusi, yamelegea, kama mboga iliyochemshwa. Sakitu, baridi inayogandisha umande. Kingo zote za bonde, pale walipokuwa wamepanda tangu enzi za bibi zao, zilikuwa za kijani.

Yule mama jioni yake alinichukua mkono, akaniambia nivue buti. Tukashuka na njia ya kwenda mtoni, miguu mitupu, giza linaingia. Akasema, "Tembea, utaniambia yenyewe inapoanzia." Tulitembea. Miguu yangu ilikuwa na joto la kawaida, kisha hatua moja tu, baridi ikanishika vifundo vya miguu kana kwamba nimekanyaga kwenye maji. Hatua tatu mbele ikafika magotini. Akasimama akachomeka kijiti. "Hapa chini hatupandi mpaka mwezi wa nane."

Hewa ya baridi ni nzito, usiku wa anga safi hutelemka mlimani na kutuama bondeni kama maji. Hilo nilikuwa nimelisoma sekondari na nikalijibu kwenye mtihani. Kitabu kilikuwa nalo. Mimi ndiye sikujua kwamba kilikuwa kinasema habari za bonde lile, na kwamba mstari unapita mahali pale pale, kwenye lile jiwe. Maharage ya kaya kumi na moja yaliungua kwa sababu sikuuliza swali moja: mbona katikati mmeacha? Imepita miaka zaidi ya arobaini na bado nawakumbuka watu wale kwa sura.

Kwa hiyo ukiniuliza miaka yako ilikuwa ya nini, nakujibu: kuna mambo kwenye eka zako tatu na nusu ambayo hayajaandikwa popote duniani. Maji ya mvua ya kwanza yanapita wapi. Kipande gani kinawahi kukauka. Sakitu inaishia tuta la ngapi. Fuso zinapanda lini na dalali anaanza lini kushusha bei. Binti yako hana hata moja katika hayo, na hakuna chuo atakachoyapata. Wewe usipomwambia, yanazikwa na wewe. Na nina shaka kama umewahi kumwambia kwa maneno. Sisi tuliojifunza kwa mkono tuna tabia ya kusema "utaona mwenyewe", kana kwamba ni lazima kila mtoto aunguze bonde lake.

Sasa hiyo siku ya vibarua.

Ulimkosea, na unajua, vinginevyo usingekumbuka kwamba alikiweka kile kiazi chini taratibu. Uliyatupa maneno yake bila hata kukitazama alichokishika. Naye, kama anasoma, nina neno lake: mwanangu, baba hakosolewi mbele ya watu anaowalipa. Ungemngoja wamalize bomba, ukamwita pembeni. Tena, jina la ugonjwa si ushahidi. Ulimwambia "bakteria", kitu ambacho hajawahi kukiona na wewe pale hukumwonyesha. Mtu aliyefundishwa na macho yake, mpe kitu cha kuona.

Kuhusu vibarua, usiogope. Uliyasema mbele yao, yafute mbele yao, kwa sentensi mbili, kazi ikiendelea: "Mwezi wa pili binti yangu alinieleza jambo la kweli nikamkatisha. Kipande hiki mwaka huu tutafanya anavyosema yeye." Usizunguke, usianze na historia yako. Nimefanya kazi na wakulima miaka 34, na sijaona msimamizi aliyeshuka heshima kwa kusema hivyo. Niliowaona wakishuka ni wale waliopanda mbegu mbovu mwaka wa pili ili wasionekane walikosea mwaka wa kwanza. Nyumbani mwambie na hili la ada, kwamba hela ya mdogo wake iliingia kwenye dawa ambayo yeye alisema haitafaa. Atakuwa anajua tayari. Anachosubiri ni kukusikia ukilitaja.

Akitaka bado kwenda Makambako, asizuiwe kwa nguvu. Lakini mpe kwanza sababu ya kubaki iliyo kubwa kuliko jembe la baba yake: mkabidhi mbegu. Uchaguzi wa mbegu yote ya shamba uwe mikononi mwake, na faida ya kipande kimoja iwe yake, muandikishane.

Ikithibitika kuwa ni mnyauko, kile kipande cha njiani kisahau kwa viazi kwa misimu mitatu au zaidi. Panda mahindi, ngano au njegere. Nyanya, bilinganya, pilipili na mnavu visikanyage hapo, ni ndugu wa kiazi na wanaugua pamoja. Viazi maotea, vile vinavyojiotea vyenyewe, ving'olewe kila vinapochomoza. Jembe likitoka pale lioshwe kabla halijaingia kwingine. Yale magunia tisa yanaweza kuliwa, ugonjwa huu haumdhuru mtu. Ila maganda na maji ya kuoshea yasiende shambani wala mtoni, na vilivyooza vizikwe mbali na mashamba. Mbegu mpya itafutwe yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, au iliyozalishwa na wakulima waliosajiliwa kwa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora (QDS). Mwache binti aulize TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mbeya, wale kazi yao ni pamoja na viazi. Ni ghali, kwa hiyo nunueni kidogo, mpande kwenye udongo ambao viazi havijaingia miaka mingi, mzizalishe wenyewe kwa vile vijiti vya wakati wa maua. Shemeji naye apigiwe simu. Huyo mwambie wewe mwenyewe, usimtume mtoto.

Na kuhakikisha, fanyeni hivi wiki hii, mkiwa wawili tu. Nendeni kwenye kile kipande saa saba mchana mtafute kiazi maotea kilicholala. Kateni shina karibu na udongo, mchukue kipande cha urefu wa kidole. Glasi iwe ya kioo kinachoonyesha ndani, maji safi kabisa. Kipande cha shina kining'inizwe ndani yake, ncha ya chini iguse maji, kitulie, asitikise mtu. Kama ni mnyauko, ndani ya dakika chache mtaona uzi mweupe kama maziwa ukitoka kwenye shina na kushuka chini polepole ndani ya maji. Msipouona, rudieni kwa mashina mengine mawili matatu, kisha mniandikie.

Yeye ashike glasi. Wewe ukate shina, maana wewe ndiye utakayejua ni lipi limelala kwa ugonjwa na lipi limelala kwa jua. Mkimaliza, maji hayo mwageni shimoni mbali na shamba, na kisu kioshwe kwa sabuni kabla hakijarudi mfukoni.

Bibi Shamba